Nyanya kwenye Chupa, Kunde Juani

Mwaka wangu wa kwanza wa kusindika vyakula nyumbani, nilifukia ardhini chupa 14 za kunde mbichi, nyuma ya nyumba yetu hapa Isevya, Tabora. Kwa macho zilikuwa nzuri. Mifuniko ilikuwa imebana, na nilikuwa nimezichemsha saa nzima nikiwa na hakika nimewaokolea wanangu mboga ya miezi mitatu. Wifi yangu, ambaye ni mwuguzi Kigoma, alishuka kwenye treni, akaingia stoo, akaziangalia na kuniuliza, "Wifi, humu umetia limau au siki?" Nikamjibu nimetia chumvi tu. Akaniambia tusifungue hata moja, wala tusionje.

Niliumia sana, lakini namshukuru mpaka leo. Yale aliyonieleza usiku ule ndiyo nataka ujue kabla hujabeba ndoo kwenda sokoni.

Kuna kijidudu kinaitwa Clostridium botulinum. Kinakaa udongoni, kwa hiyo kinafika kwenye kunde, karoti, mchicha na karibu kila kitu kinachotoka shambani. Kukiwa na hewa hakituhangaishi. Kikifungiwa pasipo hewa, ndani ya chakula kisicho na uchachu wa kutosha, kinaamka na kutoa sumu inayopooza mwili hadi mtu ashindwe kupumua. Mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka. Zinataka joto la nyuzi 116 hadi 121, na sufuria ya kawaida haifiki huko hata ukikesha unaongeza mkaa. Joto hilo hupatikana kwenye mtungi wa presha uliotengenezwa mahususi kwa kusindika, na presha kuka ya kupikia maharage haiwezi kushika nafasi yake. Sumu yenyewe si lazima inuke wala ibadilishe rangi. Ndiyo maana hakukuwa na haja ya kubishana juu ya zile chupa.

Tangu hapo nagawa mavuno mara mbili. Chenye uchachu kinaingia kwenye chupa. Kisicho na uchachu, yaani kunde, njegere, mahindi mabichi, kisamvu, uyoga, nyama na samaki, kinaenda juani, hata bei yake iwe ya kutupa namna gani.

Nyanya ndiyo nguzo ya stoo yangu. Agosti na Septemba wakulima wa mabondeni huvuna kwa pamoja na soko hufurika. Nenda jioni. Mama aliyebakiwa na matenga mawili hataki kulala nayo, na zile zilizoiva sana anazokupunguzia ndizo hasa unazozitaka. Lakini usibebe zilizooza au kuota ukungu hata akikupa bure, kwa sababu uchachu wake umeshuka, na uchachu ndiyo kinga yako. Kilo 10 hunipa chupa 14 hivi za nusu lita. Februari, mvua zinapokuwa zimeharibu bustani na fungu la nyanya nne linauzwa kama dhahabu, chupa moja inatosha mchuzi wa nyumba nzima.

Nazichovya kwenye maji ya moto, namenya, nakatakata na kuzichemsha dakika 5. Kwenye kila chupa ya nusu lita natanguliza kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau ya dukani, au robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, ule unga mweupe wanaouza kwenye maduka ya viungo. Hapa wengi hubisha: nyanya si chachu tayari? Ni chachu, ila iko mpakani kabisa. Mpaka wenyewe ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua), na nyanya iliyoiva sana inaweza kuuvuka. Ndimu za kukamua mwenyewe nazo hazilingani ukali, ndiyo maana natumia ya dukani. Ukiona mchuzi umekuwa mkali, tia sukari kidogo siku ya kupika, limau usiipunguze. Kitunguu, hoho na mafuta visubiri siku hiyohiyo, kwenye chupa visiingie.

Jaza nyanya zikiwa za moto kwenye chupa za moto, acha nafasi ya sentimita moja na kidogo juu, futa mdomo wa chupa, funga. Tandika kitambaa chini ya sufuria ili chupa zisigongane na kupasuka, na maji yazifunike kwa vidole viwili. Anza kuhesabu dakika pale tu maji yanapotokota sawasawa. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo nusu lita inataka dakika 45. Wifi yangu kule Kigoma, kando ya ziwa, yuko chini zaidi na anachemsha dakika 40. Mwanzoni nilidhani ni uvivu!

Chupa za jamu zilizotumika nazikusanya kwa majirani bila aibu, ila mifuniko nanunua mipya. Hapo sibani pesa. Kesho yake bonyeza katikati ya kila mfuniko. Ukipanda na kushuka kwa mlio, haukubana. Chupa hiyo ipikwe siku hiyo.

Maembe yana shida yake. Tabora tumejaliwa maembe tangu enzi za misafara, na Novemba yanaoza chini ya miti huku tunayaruka tukipita. Lakini ndiyo wakati mvua zinaanza, na jua halina uhakika. Kwa hiyo ya mwisho wa Oktoba nakata vipande vyembamba, nachovya kwenye maji ya ndimu na kuanika chini ya chandarua. Yakija ya Novemba naacha kuanika, natengeneza achari kwa siki, au jamu yenye limau.

Kukausha, bibi zetu walimaliza zamani. Viazi vitamu vibichi vikikatwa na kuanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Majani ya kunde yakikaushwa ni nsansa, na nsansa ya karanga naipenda kuliko mboga yoyote ya chupa. Nashangaa tulivyoanza kuvionea haya vyakula hivi mjini.

Maharage nanunua ya Kigoma baada ya mavuno. Kabla ya kuyahifadhi, tia kiganja kimoja ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu (mimi natumia ya Uvinza), tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, maharage bado yana maji, yarudi juani. Yakikauka, jaza dumu mpaka mdomoni na ufunge kabisa. Wadudu watakosa hewa na kufa bila dawa.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi kubwa mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Agiza siku za giza, na uulize kama walianikwa kwenye chanja au mchangani. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei hadi Agosti, ndoo yangu moja ya dagaa ilitulisha sisi na nyumba mbili za jirani.

Asali haina kazi kubwa. Funga vizuri isinyonye unyevu, weka mbali na jua, basi. Ila mbegu za kijidudu kile cha kunde zinaweza kuwemo ndani yake. Mtu mzima hazimdhuru, lakini tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia zisiamke. Kwa hiyo bibi akishika kijiko kumlambisha mjukuu, mwombe kwa heshima asubiri mpaka mtoto atimize mwaka, hata kama ni asali safi ya Sikonge uliyoikamua mwenyewe.