Jirani zetu wa chini ya daraja: maswali yenu na majibu

Barua za mwezi huu zina wimbo mmoja: familia zinazolala chini ya madaraja, kando ya mto na kwenye vichochoro vya Ngara, Pangani na Gikomba. Wengine mmeandika kwa hasira, wengine kwa huruma, na mmoja ameandika akiwa analala huko huko. Neno "chokoraa" nimelifuta katika kila barua. Mwenye kulitaka ataliokota mwenyewe.

*Mzee, hujambo? Nakaa Pangani, ploti iliyo karibu na daraja la Thika Road. Huu mwezi wa tatu watu kama arobaini wamejenga vibanda vya nailoni na maboksi pale chini. Usiku hatulali kwa kelele, na wiki jana dada yangu alinyang'anywa simu akitoka kazini. Tulienda kwa MCA, mwakilishi wa wadi, akatuelekeza kaunti, na kaunti wakasema ile si ardhi yao. Tumwite nani awaondoe?*

Poleni, na mpe dada pole ya simu.

Kaunti hawakukudanganya, ila walikuambia nusu ya maneno. Hapa Nairobi swali la kwanza huwa ni ardhi ya nani. Thika Road pamoja na akiba yake, yaani ardhi iliyotengwa kando yake, hadi chini ya daraja, iko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Barabara nyingine za ndani ya mji ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Kando ya reli utaambiwa nenda Shirika la Reli. Ukingo wa mto una wenyewe wengine tena. Ndiyo maana mpira unapigwa kutoka ofisi moja hadi nyingine na wewe umebaki na fulana iliyolowa jasho tu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti uzoaji taka, maji na usafi, na vituo vya malezi ya watoto. Mambo hayo ni yao hata kama ardhi si yao. Ukirudi pale, usiwaulize "mtawaondoa lini?" Waulize takataka za pale chini zitazolewa siku gani, na andika jina la aliyekujibu.

Sasa hilo la kuwaondoa. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka watu waliokalia ardhi ya umma wapewe notisi ya miezi mitatu kabla ya kufurushwa, maafisa wajitambulishe, na watoto, wazee na walemavu walindwe. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyohusu kijiji cha Mitumba kilichobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011, ilisema watu waliokaa kwenye ardhi ya umma kwa muda mrefu, wakajenga na kulea familia hapo, wana haki ya makao ambayo korti inaweza kuilinda. Kama kibanda cha nailoni cha miezi mitatu kinaingia hapo, mawakili watabishana hadi jioni. Mimi nisingengoja wamalize.

Nitakuambia kilichotupata sisi. Nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa wetu huko Eastlands, na kuna mwaka tulichangishana tukapata lori na vijana wa kazi. Alfajiri moja beisi, yaani mahali walipolala watu wa mitaani wa kwetu, ikasombwa yote. Nilisimama kwenye balkoni na kikombe cha chai nikijiona nimefanya kazi ya maana. Wiki tatu baadaye walikuwa wamerudi, safari hii wakiwa na majeraha, na wengine ambao hatukuwajua, kwa sababu mtaa wa pili nao ulikuwa umewasomba wake ukawasukumia kwetu. Wale wa kwanza tulikuwa angalau tunajuana kwa sura.

Suala la simu ni la polisi. Piga ripoti kituoni, upate namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, umtaje aliyeiba kwa sura na mavazi. Ukiandika "watu wa chini ya daraja waliiba" hakuna askari atakayejua aanzie wapi. Jambo jingine ambalo wakazi wengi hawalijui ni kwamba kila beisi ina mkubwa wake. Nenda mchana, wawili au watatu, muulizie. Mkubwa wa beisi hapendi mwizi anayemletea msako, na mara nyingi simu hurudi kabla OB haijakauka wino. Nimeliona hilo mara mbili kwa macho yangu.

*Usiku wa juzi wanaume walikuja na lori wakakusanya mablanketi na magodoro ya watu wanaolala kichochoro cha nyuma ya duka letu, wakayachoma. Wakubwa wakapakiwa. Hiyo ni halali?*

Hapana. Kukosa nyumba si kosa. Sheria ya Uzururaji, ambayo mizizi yake ni ya kikoloni, ilifutwa mwaka 1997. Kifungu cha 28 cha Katiba kinalinda utu wa kila mtu na cha 40 kinalinda mali, na blanketi ni mali, tena pengine ndiyo mali pekee aliyo nayo mtu huyo.

Misako ya namna hii hufuata kalenda ya wageni. Wakazi wa Nairobi mnakumbuka Julai 2015 kabla ya ziara ya Obama, nyasi zikapandwa kando ya barabara siku chache kabla ndege haijatua, tukacheka kwamba zitaota akisharudi kwao. Siku hizo hizo magazeti yaliripoti watu wa mitaani wakiondolewa katikati ya mji. Na Februari 2019 watoto wa mitaani kutoka mji wa Nakuru walikutwa wametupwa Baringo, msituni, kwenye baridi. Mtu hatupwi kama kifusi.

Ukiona tena, andika saa na namba ya lori, piga picha ukiwa mahali salama. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Dhidi ya askari wa kaunti IPOA haina nguvu, basi peleka kwa Tume ya Haki za Binadamu au kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Wengi hupeleka mahali pasipofaa, barua ikalala kwenye faili, kisha wakasema serikali haisikii.

*Kamati yetu imechanga pesa za kumwaga mawe makali na kuweka seng'enge chini ya daraja wasipate pa kulala. Maoni?*

Huwezi kujenga kitu kwenye akiba ya barabara bila idhini ya mwenye barabara, kwa hiyo mtakuwa mmevunja sheria ninyi kabla yao. Na watalala langoni kwenu. Tafuteni kazi nyingine ya pesa hizo.

*Shida yetu si watu, ni moshi na kinyesi. Asubuhi tunafungua dirisha tunakutana na harufu ya mpira unaoungua. Mto umekuwa choo.*

Barua hii ndiyo niliyoipenda, kwa kuwa mwandishi anajua anachokilalamikia.

Moshi ule si wa kuota moto peke yake. Wanachoma nyaya ili ganda la plastiki litoke, shaba ibaki, ikauzwe kwa kilo. Kuna mtu anayenunua, ana mizani, na ana lango. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuharibiwa, na iliporuhusiwa tena wafanyabiashara walitakiwa kuwa na leseni. Kwa hiyo mkitaka moshi upungue, msianze na kijana anayepuliza moto. Mwendeeni chifu mkamuulize mwenye mizani wa mtaa wenu ana leseni, na kwa nini anapokea shaba iliyoungua. Akikataa shaba nyeusi wiki mbili tu, moto utazimika wenyewe. Mifuniko ya mabomba ya maji taka inayopotea barabarani nayo hupitia lango hilo hilo, si chini ya daraja.

Kuhusu choo, niwaulize: mnataka waende wapi? Vyoo vya umma vya mjini mara nyingi huwa na malipo, na vingi hufungwa usiku. Mtu mwenye shilingi kumi na njaa hatazitumia kulipia choo. Kwetu, baada ya ile aibu ya lori niliyowasimulia, tulielewana na aliyekuwa akiendesha choo cha soko. Mtaa ulimlipa kiasi kidogo kila mwezi, naye akawaachia watu wa beisi waingie bila malipo asubuhi na jioni. Kijana mmoja wa pale pale alipewa kazi ya kukiosha. Ilituchukua mabishano ya miezi minne, na wazee wawili wakajiuzulu kwenye kamati, mmoja hanisalimii hadi leo. Lakini madirisha yalifunguliwa.

*Nikipita na gari kwenye mataa, nimpe mtoto pesa au mkate?*

Mkate, au salamu. Pesa anayopewa mtoto mara nyingi haimfikii tumboni, inaishia kwa mkubwa wake au kwenye chupa ya gundi. Na msishindane Jumapili watu kumi mkileta maziwa na kamera, kisha Jumanne hakuna mtu.

*Kuna watoto kama sita pale, mdogo ana miaka saba hivi, wananusa gundi mchana kutwa. Nimchukue mmoja nikae naye nyumbani?*

Moyo wako ni mzuri, lakini usimchukue. Mtoto hahamishwi kama kuku. Hata akikubali kukufuata, utakuwa na mtoto wa mtu bila karatasi yoyote, na jambo likiharibika utajieleza mbele ya korti.

Piga 116, simu ya watoto, haina malipo. Au nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Huyo ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, si wa Gavana, kwa hiyo usiende kumtafuta kwenye ofisi ya wadi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto wa namna hii kuwa anahitaji matunzo na ulinzi, na kazi ya afisa ni kutafuta kwanza kama ana jamaa popote kabla ya kumpeleka kwenye makao. Wengi wana nyanya hai Murang'a au Machakos. Utakachoweza wewe ni kumjua jina, kujua alitoka wapi, na kumwambia afisa. Taarifa hiyo ndogo huokoa miezi.

Na fundi viatu anayewauzia gundi kwa chupa, mnamfahamu ninyi nyote.

*Serikali ina mpango gani hasa? Au ni maneno?*

Mpango upo, una miaka mingi kuliko baadhi ya wanaolala nje. Mwaka 2003 serikali ya muungano wa NARC, ya Rais Kibaki, iliunda Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani, na mamia ya vijana wakatolewa barabarani wakapelekwa NYS, huduma ya vijana kwa taifa, kufunzwa kazi. Wakati ule mji ulipumua kweli. Tatizo likaja baada ya mafunzo: kijana ana cheti cha useremala, hana randa, hana pa kulala, na mtu pekee anayemjua Nairobi yuko beisi. Akarudi. Hesabu ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Ukizigawa kwa wadi 85 za mji huu, kila wadi ina chini ya watu mia mbili. Naandika hesabu hiyo kwa makusudi, maana MCA akiambiwa "elfu kumi na tano" hutazama dari, lakini mia na themanini anaweza kuwahesabu kwa majina kabla ya uchaguzi.

*Mzee shikamoo. Mimi ni mama, niko hapo chini ya daraja la Pangani, naandikiwa na mwenye kioski cha mandazi. Nina mtoto wa miezi minne, nilimzalia pale pale usiku. Sina kitambulisho, mama yangu pia hakuwa nacho. Kliniki nimeenda, wameniuliza karatasi nikaona haya nikarudi. Nifanye nini?*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Rudi kliniki. Chanjo katika zahanati na vituo vya afya vya umma haina malipo, na hakuna mtoto anayepaswa kukosa sindano kwa sababu mama yake hana karatasi. Mwambie muuguzi hivyo bila kuinamisha kichwa. Utapewa kitabu cha kliniki. Kiweke ndani ya nailoni mbili, usimpe mtu akushikie.

Lipo jambo la haraka zaidi ya chanjo. Mtoto aliyezaliwa nje ya hospitali huandikishwa kupitia kwa naibu wa chifu wa mahali alipozaliwa. Miezi sita ikipita, inakuwa usajili wa kuchelewa, wenye safari nyingi na maswali mengi. Wewe umebakiwa na miwili. Cheti hicho ndicho kitakachomwezesha kuandikwa shuleni, na akifika miaka kumi na minane apate kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, na bila laini huna M-Pesa, na hata SHA, bima ya afya ya serikali, itakusumbua. Wewe mwenyewe unayajua hayo kuliko mimi.

Kwa upande wako, anza na naibu wa chifu huyo huyo. Utaulizwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Huna, basi tafuta chochote chenye jina lako: kadi ya ubatizo, daftari la shule uliyosoma hata darasa la pili, kitabu cha kliniki cha mama yako. Usiende peke yako. Ukienda peke yako utaambiwa urudi kesho. Mwombe mwenye kioski akusindikize, afunge biashara saa moja, aseme anakujua na alikuona ukiwa na mimba.

Na wewe wa Pangani uliyeandika barua ya kwanza, ploti yako iko karibu na hilo hilo daraja. Shahidi wa pili anahitajika. Ofisi ya naibu wa chifu hufunguliwa saa mbili asubuhi.