Amplifaya nzito ya gitaa la stili: ipime kwanza, kisha uigawanye

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una amplifaya ya Peavey Nashville 400 yenye karibu kilo 30, unaishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, gari lako ni dogo, na mgongo umeanza kukusumbua. Wenzetu watatu waliotangulia kukujibu wamekushauri uifungie magurudumu. Ushauri huo unamfaa mtu anayetembea juu ya sakafu laini kutoka mlango wa nyuma wa ukumbi hadi jukwaani, lakini mimi nilianza na magurudumu hayohayo na hatimaye nikayang'oa, kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu njia niliyopitia.

Napiga gitaa la stili la pedali, yaani lile linalolazwa mlalo na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, hapa Fort Worth, Texas, na huu ni mwaka wangu wa 12: Jumamosi katika kumbi za dansi za muziki wa kantri, Jumapili katika ibada ya Kiswahili ambayo waumini wake wengi ni ndugu zetu kutoka Kongo. Amplifaya yangu ni ya kundi moja na yako, yaani ya transista, wati 200 hivi, spika moja ya inchi 15, vyote ndani ya kasha moja. Uzito huo haukuwekwa kwa uzembe. Mpigaji wa stili huianza noti huku kanyagio la sauti likiwa halijafunguka kikamilifu, kisha hulifungua polepole kadiri nyuzi zinavyofifia, ili noti isikike kana kwamba haikatiki. Kwa mchezo huo amplifaya lazima iwe na akiba kubwa ya nguvu, kwa sababu ikianza kukwaruza, utamu wote wa kile chuma kinachoteleza juu ya nyuzi unapotea. Ndiyo maana tangu amplifaya ya Peavey Session 400 ya miaka ya 1970 wapigaji wa stili wamezoea wati 200 na spika ya inchi 15, na kwa ufundi wa siku zile wati hizo zilipatikana kwa transfoma kubwa ya chuma na shaba, na spika kama hiyo ilidai sumaku nzito.

Magurudumu hayapunguzi hata gramu moja, yanaongeza. Yangu yalikuwa manne. Kwenye sakafu ya saruji yalinisaidia, kwenye changarawe ya maegesho hayakuzunguka kabisa, kwenye ngazi yalinigonga miguu, na ndani ya gari amplifaya ilijitembeza kila nilipokata kona. Juu ya jukwaa la mbao, kasha lililoinuliwa sentimita 8 lilipoteza kidogo ile besi niliyoizoea, au angalau ndivyo masikio yangu yalivyoniambia. Anayeyahitaji kweli anunue yale yanayochomekwa na kuchomolewa, au bora zaidi anunue kitoroli cha kukunja, ambacho hubaki garini kazi yake ikiisha. Kinachoumiza mgongo, hata hivyo, ni kuinua mzigo kutoka ardhini hadi kwenye buti ya gari, na kugeuka nao kwenye kona ya ngazi. Hapo gurudumu halina msaada wowote.

Siku moja niliazima mzani wa bafuni, nikachomoa waya wa umeme, nikaifungua amplifaya yote na kupima kila kipande. Jumla ilikuwa kilo 29.5. Spika ilikuwa na kilo 8.5. Chasi, yaani lile bamba la chuma lenye transfoma na saketi, ilikuwa na kilo 7.5. Kasha tupu, pamoja na kona za chuma na wavu wa mbele, lilikuwa na kilo 13.5. Miaka yote nilikuwa nikiilaumu transfoma, kumbe mzigo mkubwa kuliko yote niliokuwa nikiupandisha ngazi ulikuwa mbao.

Nilianza na spika, kwa kuwa ndiyo kazi rahisi. Spika za zamani za inchi 15, pamoja na Black Widow iliyo ndani ya Nashville 400, huwa na sumaku kubwa ya feraiti, iliyo ngumu kama kigae. Siku hizi zipo spika zenye sumaku ya neodimi, ambayo ina nguvu nyingi kiasi kwamba kipande kidogo kinatosha kufanya kazi ya kile kigae kizito. Niliyonunua ilikuwa na kilo 4, kwa hiyo nilipunguza kilo 4.5 kwa kufungua boliti nane na kuhamisha nyaya mbili. Tahadhari moja ambayo hakuna aliyenipa: sumaku hizo huvuta bisibisi kwa ghafla, na ncha ya bisibisi ikitua kwenye karatasi ya spika, umenunua spika mara mbili. Shika kifaa kwa mikono miwili na uiweke spika juu ya meza ya mbao, mbali na skrubu zilizotawanyika.

Jambo la pili kuhusu spika ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na hapa wengi huteleza. Nashville 400 hutoa wati 210 kwenye mzigo wa omu 4. Ukiifungia spika ya omu 8 haitaharibika, kwa kuwa amplifaya ya transista huvumilia mzigo mkubwa wa omu, lakini nguvu itashuka hadi kidogo zaidi ya nusu. Usiogope sana nusu hiyo: nusu ya wati ni upungufu wa desibeli 3 tu, na spika yenye unyeti (ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 100 badala ya 97 hurudisha pengo lote. Kwa hiyo, kabla ya kununua, soma namba ya unyeti kwa makini kuliko namba ya wati. Wapo wanaosema neodimi ina sauti nyembamba. Nilipiga spika zote mbili kwa zamu, jioni moja, chumba kilekile na mipangilio ileile. Mpya ilikuwa kavu kidogo wiki za mwanzo, kisha ikalegea, na hakuna mchezaji dansi aliyewahi kuniuliza imekuwaje.

Baada ya hapo nilibaki na kilo 25, na ngazi bado zilikuwa zilezile. Ndipo nikaamua kuachana na kasha la zamani. Fundi seremala mmoja wa kanisani kwetu, mzaliwa wa Bukavu, alinitengenezea makasha mawili ya mbao za msonobari za milimita 18, yaliyounganishwa kwa meno na gundi. Ubao wa MDF, ule wa nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, huwa na kilo 700 na zaidi kwa mita moja ya ujazo, ilhali msonobari mkavu huwa na 450 au 500 hivi. Kwa kasha linalotumia takribani mita moja ya mraba ya ubao, tofauti hiyo inakaribia kilo 5, na msonobari uliounganishwa vizuri hauna udhaifu wowote wa kutisha. Plaiwudi ya mti wa birch ni imara sana na inasifiwa sana, lakini anayekimbia uzito asiichague kwa sifa hizo, maana ni nzito.

Kasha la kwanza lilichukua spika peke yake, la pili likachukua chasi. La spika sasa lina kilo 12, la chasi lina kilo 11. Ukijumlisha utaona kwamba bado nina kilo 23, na mtu anaweza kusema kwamba nimetumia fedha na majuma matatu kwa kilo 6 na nusu. Ajaribu kwanza kupanda ngazi akiwa na kilo 29 upande mmoja wa mwili, goti likigongwa kila hatua, kisha apande akiwa na ndoo mbili zilizolingana, moja kila mkono. Mama zetu wa kijijini wanaoteka maji walilijua hili kabla yetu. Aliyechoka anaweza pia kwenda safari mbili, jambo lisilowezekana kwa kasha moja.

Kugawanya kuna masharti yake. Waya unaotoka kwenye chasi kwenda kwenye spika uwe waya mnene wa spika; ule mwembamba wa gitaa una msuko wa kinga, haukutengenezwa kwa ajili ya mkondo mkubwa, na hupata joto. Kisanduku cha springi kinachotoa mwangwi, ambacho katika kasha la zamani kililala chini kabisa, kikisogezwa karibu na transfoma huanza kunguruma. Mimi nilikihamisha mara tatu kabla ya kupata mahali tulivu, nacho sasa kiko pembeni, ncha yake ya kutolea ishara ikitazama upande ulio mbali na transfoma. Acha pia matundu ya hewa nyuma ya chasi, kwa sababu mapezi ya kupoozea transista yalizoea kasha lenye mgongo wazi.

Kuhusu vishikio, kosa ni langu mwenyewe. Kishikio cha mkanda cha juu kilipochakaa, nilifunga kingine kwa skrubu fupi za mbao, nacho kikang'oka maegeshoni nikiwa nusu ya safari, na kona ya kasha ikatua kwenye kiatu changu. Vishikio vya sasa vimefungwa kwa boliti zinazopenya ubao wote na kukutana na nati za meno zilizopigiliwa upande wa ndani. Kabla ya kutoboa, weka chasi ndani ya kasha, uliinue kwa kamba na utafute mahali linapokaa mlalo. Transfoma hukaa upande mmoja, kwa hiyo kishikio kilichofungwa katikati kabisa huliacha kasha likining'inia kwa kupinda, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa.

Kwa sasa, kabla hujatengeneza chochote, acha kuinua amplifaya moja kwa moja hadi kwenye buti. Tandika kipande cha zulia kwenye ukingo wa buti, egemeza sehemu ya juu ya kasha hapo, kisha chuchumaa, shika sehemu ya chini na uisukume ndani. Ukingo wa gari hubeba karibu nusu ya uzito kwa niaba yako.

Ipo njia ya nne, nayo ni kuacha chasi ya zamani nyumbani na kununua amplifaya ya kisasa isiyo na transfoma nzito. Kampuni ya Quilter Labs, kwa mfano, imewahi kutengeneza modeli iitwayo Steelaire mahususi kwa wapigaji wa stili. Nimezisikia na sauti yake ni nzuri. Kinachonizuia ni kwamba chasi yangu naweza kuitengeneza mwenyewe juu ya meza ya jikoni, na zile ndogo zina vipande ambavyo macho yangu hayavioni tena.

Mwenzetu aliyechangia hapo juu kwamba ana amplifaya ya Fender Twin Reverb asiige hatua zangu bila kufikiri. Ile ni ya valvu, yaani mirija ya kioo badala ya transista: ndani yake kuna zaidi ya volti 400, kapasita zake huweza kukaa na umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na haipaswi kuwashwa bila spika. Badala ya spika moja, zake ni mbili za omu 8 zinazofanya omu 4 kwa pamoja, na jumla hiyo ibaki palepale. Akibadilisha spika tu na kumwachia fundi mengine, atakuwa amefika mbali.

Nawe, kabla hujaagiza spika, pima kina cha kasha lako kutoka ubao wa mbele hadi chasi, kwa kuwa baadhi ya spika za neodimi zina fremu ndefu kuliko za zamani, na yangu ilipita kwa upana wa kidole kimoja.