Jogoo mkubwa awe baba wa vifaranga?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Nafuga kuroila hapa Malindi na chakula kinanimaliza, wiki haijaisha gunia limeisha. Kuna jogoo mmoja kawapita wenzake kwa mwili, majirani waniambia nimweke azalishe, eti watoto wake watakula kidogo na kukua haraka. Ni kweli ama waniongopea? – Mama Swaleh

JIBU: Waaleikum salaam Mama Swaleh. Mwili mkubwa unarithiwa, hapo hawajakosea, lakini huyo jogoo wako huenda ni mlafi tu, anawasukuma wenzake kwa chombo anashiba yeye. Watenge majogoo wawili wa umri mmoja, kila mtu na kizimba chake, uwape chakula cha kupima na asubuhi upime kilichobaki, pamoja na kile kilichomwagika chini maana kuku kwa kuchakura hawajambo. Halafu gawanya chakula kilicholiwa kwa uzito ulioongezeka. Tuseme mkubwa kala kilo 6 akaongeza 2, hiyo ni kilo 3 za chakula kwa kila kilo ya mwili, na mdogo kala kilo 4 akaongeza 1.6, hiyo ni 2.5, sasa niambie nani anakupa nyama kwa bei rahisi. Hata Denmark, kabla serikali haijaamuru minki wote wauawe mwaka 2020 kwa ajili ya korona (minki ni mnyama wa manyoya, analishwa mabaki ya samaki na ya kuku), wataalamu walikuwa wakipima hivihivi kizimba kwa kizimba, maana ukichagua ukubwa peke yake na ulaji nao unapanda.

Mbegu ina nguvu, usiidharau. Kule North Carolina, Marekani, walilea kuku wa nyama wa mbegu ya 1957 pamoja na wa 2001: siku ya 42, wa zamani kwa chakula cha zamani walikuwa na nusu kilo na kidogo, wapya kwa chakula kipya zaidi ya kilo 2.6, na sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na mbegu wala si chakula. Lakini hiyo ni kazi ya miaka mingi na kuku maelfu, wewe una jogoo mmoja.

Tena kuroila ni chotara! Ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe vifaranga wanatoka mchanganyiko, huyu mkubwa huyu kibete, na hesabu yako ya chakula inavurugika kabisa. Nunua vifaranga wapya, na huyo jogoo ngoja Idi ikaribie umuuze, bei itakuwa nzuri.