Andiko la kuomba fedha za maktaba: usianzie kwenye fomu

Mkuu, umesema bosi kakutupia tangazo la ruzuku, kakupa wiki tatu, na unauliza uanze kujaza kipengele kipi. Fomu iweke pembeni kwanza. Nina miaka kumi na moja maktaba ya chuo hapa Mwanza, nimeandika maandiko sita, mawili tu ndiyo yamepata hela. Manne yaliyokwama yote niliyaanzia kwenye fomu.

La kwanza tuliomba kompyuta 40. Kwa nini 40? Chumba kinaingia meza 40, basi. Kwenye uhitaji nikajaza maneno ya TEHAMA na dunia kuwa kijiji. Likaja jibu fupi: hatujaelewa tatizo lenu ni nini. Kusema kweli hata mimi nilikuwa silijui.

Mwaka uliofuata nikachukua kaunta buku, nikaichora mistari, na kwa wiki mbili kila msomaji aliyeondoka mikono mitupu nikaandika alikuwa anatafuta nini. Nilitegemea vitabu vipya. Kumbe wengi walitaka tasnifu za waliowatangulia: uvuvi wa dagaa, biashara ya sangara, magugu maji. Na tunazo! Ziko kabatini, nakala mojamoja, haziazimwi, za rafu ya chini mchwa wameshaonja. Binti mmoja nilimkuta kaegemea dirisha apate mwanga, anapiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, chaji imebaki asilimia 9. Tangu hapo sikuhangaika kutafuta maneno. Tukaomba skana, kompyuta moja ya kuhifadhia, posho ya vijana wawili, na tukasema tutatumia DSpace, programu huria ya kuhifadhi na kuweka kazi kama hizo mtandaoni, isiyo na ada ya leseni. Ukurasa wa kaunta buku nikauambatanisha ulivyo, na madoa ya chai yake.

Swali ambalo wafadhili walitubana nalo ni hakimiliki: nani kawaruhusu kuweka tasnifu za watu mtandaoni? Andaa fomu ya idhini ya mwandishi kabla hujaulizwa.

Bajeti sasa. Bei ya skana uliyoiona mtandaoni siyo bei ya skana ikiwa imefika Mwanza. Kuna VAT ya asilimia 18, kuna ushuru, kuna usafiri kutoka Dar, kuna UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, maana umeme hauagi. Chukua profoma, yaani ankara ya bei kabla ya kununua, kwa wauzaji watatu. Halafu nenda kwa mhasibu umuulize chuo kinakata asilimia ngapi kwenye fedha za mradi; sisi tuligundua tumeshatuma, ikabidi posho za vijana zipungue. Weka pia nani atalipia intaneti mradi ukiisha, na jina la cheo chake, siyo "chuo kitaendeleza".

Sahihi ya makamu mkuu wa chuo itafute wiki ya pili. Wiki ya tatu utaambiwa yuko Dodoma.

Na saa! Tangazo moja liliandika mwisho 12:00 GMT, mwenzangu akajua ni saa kumi na mbili jioni. Kwetu, tulio saa tatu mbele ya GMT, hiyo ni saa tisa alasiri. Saa kumi tuko bado tunabishana juu ya koma, kufungua tovuti, imefungwa. Lile ni mojawapo ya yale manne.

Ukishapata profoma, tupia hapa jedwali la bajeti, futa jina la chuo. Nitalipitia Jumamosi.