Dar hadi Moshi na mjukuu wa miaka 3 asiyetulia

Shikamoo bibi. Umesema mjukuu hakai dakika kumi, anatapika garini, na mama yake anataka umpakate. Kumpakata hapana, tafadhali. Gari likifunga breki ghafla, mikono ya mtu mzima haimshiki. Tafuteni kiti cha mtoto, kifungwe siti ya nyuma. Mikanda imkae sawasawa mabegani, usiweze kuikunja kwa vidole. Sweta zito livuliwe kwanza, maana linaacha nafasi chini ya mkanda.

Mlango wa nyuma una kiswichi kidogo pembeni, karibu na kitasa, kinachozuia mtoto kuufungua kwa ndani. Kiwekeni, kisha mmoja wenu akae ndani ajaribu kufungua.

Safari ni kama kilomita 550. Ondokeni alfajiri, alale mpaka Chalinze. Baada ya hapo simameni kila saa moja na nusu hivi: Segera, Mombo, Same. Ashuke akimbie dakika 15, mbali na barabara, mkono wako ukiwa karibu.

Kutapika: asubuhi mpe mkate mkavu au ndizi, si maziwa wala chapati ya mafuta. Simu asiangalie, inazidisha kichefuchefu. Aangalie mbele, dirisha liwe wazi kidogo. Dawa ya kutapika muulize mfamasia kwanza, umweleze umri na uzito wake.

Beba ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini: pakiti ya lita moja, maji safi lita moja kamili. Akilegea, asipokojoa kwa saa sita au akitapika hata gari likisimama, mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu.