Turubai likishafunguliwa, kanisa limfanyie nini mfiwa?

Mkuu, umeuliza kanisa linaweza kuwafanyia nini wafiwa zaidi ya ibada, kwaya na bahasha ya rambirambi. Mimi ni mzee wa kanisa, usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Marangu, Kilimanjaro, nitajibu kwa ninayoyaona mtaani kwetu.

Siku zenyewe za msiba hatuna shida kubwa. Uchagani watu wanajua kuzika: akina mama wanashika jiko, vijana wanachimba kaburi kihambani (shamba la ukoo linalozunguka nyumba), mwili unatoka hospitali ya KCMC, walioko Dar na Arusha wanapanda. Shida inaanza wageni wakishashuka. Wiki ya pili nyumba inabaki na mjane, watoto na madeni, na hapo ndipo kanisa linapotakiwa.

Kwetu jumuiya, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja, hupangia kila nyumba iliyofiwa watu wawili, na wanakaa na nyumba hiyo mpaka mwaka uishe. Hawaendi kuhubiri. Mama mmoja alifiwa na mumewe msimu wa kahawa, na mume ndiye aliyekuwa akishuka tambarare kutafuta majani ya ng'ombe. Waliopangiwa nyumba yake walifika na mzigo wa majani, wakautua zizini, kisha wakakaa naye kuchambua kahawa. Mikono ikiwa kwenye ndoo, ndipo alipoanza kusimulia mumewe alivyougua. Mchungaji alipomtembelea sebuleni alikuwa akijibu tu, "Namshukuru Mungu."

Jambo ambalo makanisa mengi yanaliogopa ni karatasi. Mjane anahitaji cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi wa mirathi, ndipo aende mahakamani. Kwenye kikao hicho ndiko wajane wengi wanakobanwa, hasa kihamba kikitajwa. Mjane akimwomba mchungaji au mzee wa kanisa ahudhurie, na ukoo ukikubali, aende, hata kama hatasema neno. Nimeona mashemeji wanavyopima kauli zao mtumishi akiwa amekaa pale. Na usharika haukosi mwalimu mstaafu anayejua kujaza fomu; mwombeni amsindikize huyo mama, maana kuzungushwa ofisini peke yako ukiwa na msiba kunavunja moyo.

Rambirambi zisomwe mbele ya familia, na hela akabidhiwe mfiwa mwenyewe. Nawasihi pia, habari za ahadi za sadaka kanisani ambazo marehemu hakumaliza kutoa zisifike msibani. Najua familia iliyoambiwa hivyo mwili ukiwa bado mochwari. Hawajarudi kanisani mpaka leo, na siwalaumu.

Maneno nayo yapungue. Mama aliyezika mtoto haambiwi "usilie, Mungu kampenda zaidi". Mwambie "pole mama, tupo", halafu uwepo kweli.

Jirani Mwislamu au asiyesali popote naye apangiwe watu kama wengine, wakiheshimu taratibu za nyumba yake.

Muwe na daftari la tarehe za vifo. Desemba, Wachagga wanapopanda kula Krismasi nyumbani, ni mwezi mgumu sana kwa aliyefiwa mwaka huo, kwa sababu kila nyumba ina magari na kelele isipokuwa yake. Wale wawili wapite kabla ya sikukuu, waulize kama kuna wa kuchinja na kama watoto wana nguo. Jumuiya yenu ikiwa ndogo, anzeni na nyumba moja.