Maswali na Majibu: Nafasi ya Akiba Kwenye SSD ya Kache

Nimenunua SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 500 iwe kache, yaani hifadhi ya haraka mbele ya diski kuu, ya seva yetu ya mafaili. Kwa nini niache sehemu yake bila kutumika ilhali nimeilipia yote?

Kwa sababu kache kazi yake ni kujaa, na ikishajaa haipungui tena: huondoa data ya zamani na kuingiza mpya mahali pake, usiku na mchana. Chipu za flash zilizo ndani ya SSD, kwa upande wao, haziruhusu kuandika juu ya kilichokwisha kuandikwa. Data huandikwa ukurasa kwa ukurasa, kila mmoja wa kilobaiti chache, lakini hufutwa kwa bloku nzima yenye mamia ya kurasa. Kidhibiti cha diski kisipokuwa na bloku tupu, hulazimika kuzihamisha kwanza kurasa zilizo hai ndipo kifute, kwa hiyo gigabaiti moja uliyoiandika wewe huweza kuwa mbili, tatu au zaidi ndani ya chipu. Ni kama kupiga deki chumba kilichojaa vyombo hadi mlangoni: usipokuwa na ukumbi wa kuvitolea, utahamisha kitanda kile kile mara kumi. Sehemu usiyoitumia ndiyo ukumbi huo.

Seva moja niliyoitiwa ilianza kwa kuandika zaidi ya MB 400 kwa sekunde. Wiki ya tatu ilikuwa ikisuasua chini ya MB 50, na diski za kuzunguka zilizo nyuma yake zilikuwa na kasi kuliko kache yenyewe. Tuliifuta SSD yote, tukatenga GB 400 tu kwa kache, zilizobaki tukaziacha tupu, na kasi ikatulia.

Mtengenezaji si ameshaacha nafasi yake?

Ameacha, lakini ni kidogo. Chipu huhesabiwa kwa 1,024 na diski huuzwa kwa hesabu ya elfu. Tofauti hiyo, takriban asilimia 7, ndiyo msingi wa akiba ya diski nyingi za kawaida. Diski za seva zinazouzwa kama GB 480 au 400 mara nyingi zina chipu zinazofikia GB 512, na mnunuzi hulipia akiba hiyo.

Niache kiasi gani?

Asilimia 20 ya diski kwa kache inayoandikwa data pia, 10 kwa kache ya kusoma tu. Anayetaka namba kamili zaidi apime kazi ya seva yake mwenyewe, kwa maana mimi siioni kutoka hapa.

Nimepunguza partisheni (sehemu ya diski niliyoitenga) baada ya mwaka mzima wa matumizi, na sioni nafuu yoyote.

Huwezi kuiona. Diski haisomi partisheni zako. Kila anwani iliyowahi kuandikwa huihesabu kuwa na data hai mpaka iambiwe vinginevyo kwa amri ya TRIM. Iondoe kache kwa utaratibu, hakikisha data yote imeshuka kwenye diski kuu, kisha endesha blkdiscard, amri ya Linux ya kutuma TRIM, kwenye SSD nzima, nawe ujue kwamba amri hiyo haibakizi kitu. Ndipo utengeneze partisheni ndogo, na sehemu iliyobaki usiiguse kamwe. Angalia pia kama kadi yako ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) au adapta ya USB inapitisha TRIM, kwa kuwa baadhi hazipitishi.

Kwani TRIM peke yake haitoshi?

Haitoshi. Kache iliyojaa haina kitu cha kutangaza kuwa ni kitupu.

Diski ya bei nafuu ya QLC (inayobana biti nne katika kila seli), nikiiachia nafasi kubwa, itafaa?

Kwa kache ya kuandika, hapana. Hata Samsung 870 EVO ya GB 500, ambayo ni TLC (biti tatu kwa seli), imedhaminiwa kwa TB 300 za data ya kuandikwa. Kache inayopokea GB 500 kwa siku huzimaliza kwa siku 600, na QLC huchakaa mapema zaidi. Na ingawa hukuuliza: usiweke kache inayochelewesha kushusha data juu ya SSD moja isiyo na kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Weka mbili zinazonakiliana, zenye kapasita hizo, la sivyo iache kache hiyo iwe ya kusoma tu.